Kifurushi cha Raia Mwema

Neno lililo nje ya kifurushi hulipwa kwa mdomo. Katika nchi inayosimuliwa hapa, watoto huijua kanuni hiyo kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati.

Mtu akitaka kumpigia simu ndugu yake aliye ng'ambo, sharti kwanza aende kwenye dirisha la Wizara ya Maneno Yavukayo Mpaka, anunue maneno. Maneno hayo hufungwa katika vifurushi, kila kifurushi na bei yake. Anayesema yaliyomo hana hatia. Anayesema yasiyomo, hata neno moja, hudaiwa. Na deni lake halipokelewi kwa fedha, kwa kuwa fedha, kama Mheshimiwa Waziri alivyokwisha kufafanua kwa upole, huwapa matajiri ujasiri wa kupayuka. Mdaiwa hufungwa kitambaa mdomoni, fundo lake likamiminiwa lakiri nyekundu na kugongwa muhuri wa taifa. Hukaa hivyo mpaka Wizara iridhike. Uji huruhusiwa, kwa mrija, mbele ya jirani anayeaminika.

Utaratibu huo ulipewa jina la Huduma ya Kumkinga Mpigaji na Gharama Asizozitarajia. Jina hilo halikuwa la uongo, maana tangu huduma ianze hapakuwa na raia hata mmoja aliyekuwa hazitarajii gharama.

Mfano bora wa mafanikio yake ulikuwa Mwalimu Hezroni, aliyestaafu katika mtaa wa Mibuni. Mwalimu alimpigia mwanawe simu akapitiliza, akafungwa mdomo. Siku chache baadaye sakafu ya choo chake ikabomoka naye yumo ndani. Watu walipita na kurudi, wengine wakisimama karibu kabisa kuzungumzia bei ya maharage, na Mwalimu hakupiga kelele. Alipoopolewa, lakiri ilikuwa nzima, haina hata ufa. Mheshimiwa Waziri alihudhuria maziko mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, huku msaidizi wake akimshikia mwavuli ingawa jua halikuwapo, "wako wanaoidai Serikali haki. Mwalimu Hezroni hakudai. Alikuwa na sababu ya kusema, akanyamaza. Alikuwa na nafasi ya kusema, akanyamaza. Tunataka taifa la kina Hezroni!"

Watu walipiga makofi. Cheti cha Mdaiwa Mwaminifu kiliwekwa juu ya jeneza, na miongoni mwa waliokuwa nyuma kabisa, Bi. Damari alimshika mumewe mkono kwa nguvu hata kucha zikamwingia.

*

Bi. Damari alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mnyoofu, asiyewahi kuchelewa ibadani wala kumkata mtu kauli. Mumewe, Mzee Eliakimu, alikuwa mtu wa ukarimu usio na kipimo. Hata mtoza ushuru aliyekuja kumtaifishia baiskeli alikunywa chai kwake kabla ya kuipanda. Binti yao wa pekee, Keturah, alikuwa ameolewa ng'ambo, na mwaka ule alikuwa mjamzito.

Simu zitokazo ng'ambo zilipokelewa na Wizara, zikapimwa, na mwenyewe akapelekewa muhtasari mlangoni. Jumatatu moja tarishi alifika, akavua kofia na kutamka alichotumwa:

"Binti yenu Keturah hajambo. Mtoto amelala vibaya tumboni. Keshokutwa madaktari watampa dawa ya usingizi na kumpasua. Huko kuna mawingu. Mwisho wa muhtasari."

"Tunashukuru, baba," alisema Mzee Eliakimu. "Karibu chai."

Lakini Bi. Damari alikuwa ameketi chini pale pale mlangoni.

"Mama Keturah! Una nini?"

"Dawa ya usingizi," alisema. "Tabea."

Mzee hakuuliza zaidi. Tabea alikuwa mdogo wake Bi. Damari. Alikwenda hospitali ya misheni kutolewa uvimbe mdogo, akiwa mzima, akiimba. Walimpa dawa ya usingizi, na kabla kisu hakijamgusa mwili ukaanza kuwaka kama jiko, taya zikakaza, akafa mikononi mwao. Mjomba wao naye alikuwa amekufa vivyo hivyo. Daktari mzungu aliwaita ndugu wote akawaambia kwamba jambo hili limo katika damu yao, na kwamba mtu yeyote wa ukoo huu akitaka kupasuliwa, daktari wake aambiwe kwanza, naye atatafuta dawa nyingine. Keturah alikuwa hajazaliwa. Baada ya hapo jina la Tabea halikutajwa tena nyumbani, kwa sababu mama mzazi wa Tabea kila alipolisikia alishindwa kula.

"Hajui," alisema Bi. Damari. "Mwanangu hajui."

*

Asubuhi yake, yaani siku moja kabla ya kupasuliwa, Bi. Damari alisimama kwenye dirisha la Wizara. Karani alikuwa kijana mnene aliyevaa tai mbili, ya ofisi na ya akiba.

"Shikamoo, mama. Nikupe kifurushi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka maneno machache tu. Nataka 'dawa', na 'usingizi', na 'kufa', na 'daktari'."

Karani alimtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama aliyeomba nyama siku ya mfungo.

"Mama, maneno hayauzwi mojamoja. Ungeuziwa sukari kwa chembe? 'Kufa' limo katika Kifurushi cha Msiba."

"Basi nipe hicho."

"Maiti iko wapi?"

"Maiti gani?"

"Kifurushi cha Msiba hakiuzwi kwa mtu asiye na maiti. Watu walikuwa wanakinunua kisha hawafiwi. Ulikuwa ni udanganyifu mkubwa."

"Mwanangu," alisema Bi. Damari, "mimi nakuja hapa ili maiti isipatikane."

"Basi huna msiba, mama. Mshukuru Mungu." Karani aligeuza ukurasa wa bango la bei. "Na 'dawa' limeondolewa mwaka huu. Wizara ya Afya imetangaza kwamba dawa zipo za kutosha, kwa hiyo hapana haja ya mtu kuzitaja."

Watu waliokuwa nyuma yake walianza kuguna. Mwanamume mmoja alisema, "Mama, chukua ulichopewa, wengine tuna watoto huko," na mwingine akamjibu, "Muache mwenzio, wewe hujui lililomleta." Wote wawili walisema kwa kunong'ona, ingawa kunong'ona kwa ndani ya nchi kulikuwa bado hakulipiwi.

"Chukua Kifurushi cha Raia Mwema," alisema karani, "ndicho watu wanachokipenda. Kina 'hatujambo', kina 'nchi ni tulivu', kina 'mvua ni za kutosha', kina 'tunashukuru', kina 'kwaheri'. Nikuongezee na cha Familia: 'mama', 'baba', 'mtoto', 'kula', 'kulala', 'vizuri'. Kukanusha ni bure mwezi huu, kwa hisani ya Mheshimiwa Waziri. Unaweza kusema 'usile', 'usilale', chochote upendacho. Na marahaba yako inapita bure pia. Serikali haiwezi kukosa adabu."

Bi. Damari alilisimamisha neno moja moja kichwani mwake, kama anavyopanga vipande vya kitambaa kidogo akitafuta shati zima. Mtoto. Usilale. Kulala si vizuri. Alihisi tumaini dogo, nalo lilimtisha kuliko hofu.

Alivinunua vyote viwili.

*

Simu ya ng'ambo ilipigwa nyumbani kwa mpigaji, mbele ya Msikilizaji wa Serikali, ili raia asipate taabu ya kusafiri. Msikilizaji aliyefika mchana ule aliitwa Bwana Onesforo. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Alibisha hodi, akavua viatu, akawaamkia wazee wote wawili shikamoo kwa kuinama.

"Samahani, mama," alisema, "naomba kaa la moto kidogo. Lakiri yangu hupenda kuganda."

Bi. Damari alimletea jiko lake mwenyewe. Bwana Onesforo alitundika juu yake kijungu cheusi, na harufu ya nta ikaenea sebuleni. Kisha akatoa mkebe mtupu wa bati na kifuko cha mahindi, akavipanga mezani.

"Kila neno la nje ya kifurushi, punje moja," alieleza. "Ni kwa faida yako. Zamani watu waliletewa deni baadaye wakashtuka. Sasa unalisikia linavyoingia. Jambo lingine, mama: kinachohesabiwa ni kila neno litakaloingia katika simu kutoka humu ndani, awaye yote aliyelisema. Kuku mmewafungia? Vizuri. Kuku hawana tatizo kisheria, ila huwatia watu hasira wakasema."

Alibonyeza nambari mwenyewe, akaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Ikaita, ikaita.

"Halo? Mama? Ni wewe, mama? Shikamoo!"

"Marahaba, mtoto."

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Baba hajambo? Mguu wake je? Na Mama Selina wa pale kona? Na shangazi? Mvua je, mama, zilinyesha?"

Keturah alikuwa amelelewa na mama yake, na mama yake alikuwa amemfundisha kwa fimbo kwamba habari haipokelewi kabla watu hawajajuliana hali. Sasa binti aliuliza habari za kila mtu na kila mnyama, kwa utaratibu, bila kuruka mmoja, na Bi. Damari akimjibu "hatujambo, hatujambo, mvua ni za kutosha", huku akiutazama mwanga wa dirishani ukisogea. Alitamani kumkata kauli. Hakuwa na neno la kumkatia.

Mwishowe akapata upenyo.

"Mtoto. Usilale."

"Nini, mama?"

"Usilale. Kulala si vizuri."

Keturah akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka anayetaka kumfurahisha mzazi.

"Mama jamani! Unataka nikeshe nikisali? Nitasali, usiogope. Lakini madaktari wamesema nilale vizuri, maana kesho asubuhi sana watanilaza tena, nitaamka mtoto yupo."

"Mtoto, usilale! Mama... mama si... kulala si vizuri! Usilale!"

"Mama, unanitia hofu sasa. Umeota ndoto mbaya?"

Bwana Onesforo alikuwa amefumba macho, akisikiliza kama mtu aliye kwenye tamasha la muziki. Bi. Damari alimgeukia mumewe. Mzee Eliakimu alikuwa amesimama karibu na birika, mikono ikitafuta la kufanya. Na kwa kuwa maisha yake yote, kila alipokosa la kufanya mbele ya mgeni, mikono yake ilifanya jambo moja tu, aliinua kikombe na kukisogeza mbele ya Msikilizaji.

"Karibu chai, bwana," alisema.

Ti, ikalia punje ndani ya bati. Ti. Ti.

"Ahsante sana, mzee," alinong'ona Bwana Onesforo, mbali na simu, akainywa chai. Ilikuwa na tangawizi. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri.

Mzee alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Sauti ya Keturah ikasikika kutoka mezani: "Mna mgeni? Basi mama, nisikucheleweshe. Mpe chai mgeni. Nikipata nafuu nitakutumia ujumbe. Kwaheri, mama."

Bi. Damari alikitazama kijungu. Lakiri ilikuwa imeanza kutoa mapovu, mekundu, makubwa, yakipasuka polepole. Alimwona Mwalimu Hezroni gizani kule chini, akiwasikia watu wakizungumzia maharage. Kisha akamwona Tabea.

"Keturah, ngoja!" Ti. Ti. "Nisikilize, wala usinijibu. Mwambie daktari usiku huu huu, usingoje kesho: dawa ya usingizi ilimwua Tabea, mdogo wangu. Mwili uliwaka, taya zikakaza, akafa kabla ya kisu. Mjomba naye vivyo hivyo. Imo katika damu yetu. Imo katika damu yako. Akupe dawa nyingine. Mwambie! Ukikubali wakupe hiyo, utakufa, mwanangu, na mimi sitakuwa na..."

Punje zilikuwa zikinyesha. Bwana Onesforo aliacha kuzidondosha mojamoja, akawa anamwaga kwa kiganja, huku akisikitika kwa dhati. Halafu akanyoosha kidole kimoja na kukata simu.

"Hakujibu!" alisema Bi. Damari. "Hakusema kama amesikia! Bwana, nakuomba, mpigie tena, umkate baada ya kusema ndiyo. Neno moja. Ndiyo!"

"Mama, unaruhusiwa kumsemesha mtu aliye ng'ambo kama una kifurushi," alisema Bwana Onesforo. "Chako kimekwisha. Hata hivyo nakusifu. Ulifika mbali sana bila kosa. Niliwaza moyoni, huyu mama atanirudisha ofisini mikono mitupu."

"Nifungeni mimi," alisema Mzee Eliakimu. "Nimeanza mimi. Chai ni yangu."

"Mpigaji ndiye alipaye, mzee. Kama kila nyumba ingejichagulia mdomo wa kufungwa, tungeletewa mabubu tu." Alisimama, akachovya kijiti katika lakiri. "Mama, samahani, geuka kidogo. Ukiwa na la mwisho la kusema, hili la sasa ni la ndani ya nchi, ni bure."

Bi. Damari alimtazama mumewe.

"Wewe umesikia nilivyosema? Niliyasema yakaeleweka?"

"Yameeleweka, Mama Keturah. Mimi nimeyaelewa yote."

"Basi," alisema, akageuka.

*

Mimea iliyopandwa siku ile ilivunwa, na Bi. Damari alikuwa bado hajasema. Alishona. Wateja walileta vipimo vyao, akawajibu kwa chaki. Kila tarishi alipopita mtaani Bi. Damari alisimama mlangoni, mkono kifuani, na tarishi akapita, kwa sababu mdaiwa hapelekewi muhtasari. Hakuna aliyejua kama Keturah alisikia neno la kwanza tu au yote, kama alimwamini mama yake au alidhani ni ndoto. Jioni Mzee Eliakimu alimnywesha uji, na yeye mzee mwenyewe kwa muda akaacha kusema kabisa, ili wawe wawili. Barua ikaja kutoka Wizarani kumwonya kwamba kimya cha hiari hakipunguzi deni la mtu mwingine, na kwamba huenda kikatafsiriwa kuwa ni maoni. Akaanza tena kusema, habari za hewa.

Usiku Bi. Damari alilala ubavu mmoja, ule usiobana fundo. Alikuwa amekwisha kumzika bintiye mara nyingi kichwani, na kila alipoamka alimfukua.

Siku ya kufunguliwa ilipofika walikwenda pamoja. Ukumbini mlikuwa na benchi refu lililojaa watu wenye vitambaa vyekundu, wote wakitazama mbele. Karani wa tai mbili alikuwa amepandishwa cheo. Sasa alivaa tatu. Alivunja lakiri kwa nyundo ndogo ya fedha, akafungua kitambaa. Ngozi ya midomo ilitoka nacho.

"Deni lako limetimia, mama," alisema. "Sheria inataka nikujulishe kwamba ipo sauti moja kutoka ng'ambo, iliyozuiliwa wakati wa deni. Unaitaka, au iharibiwe?"

Bi. Damari aliitikia kwa kichwa, tena na tena, kama mtoto. Karani akabonyeza mashine.

"Mama?" ilisema sauti ya Keturah, nyembamba, dhaifu. "Mama, nilisikia. Nilimwita daktari usiku ule ule. Alisema, afadhali umesema, ingekuua. Wakanichoma sindano ya mgongoni, nikawa macho muda wote, nikamwona anavyotoka. Ni msichana, mama. Nimemwita Tabea. Mama? Mbona hunijibu? Wanasema umeunganishwa. Mama, uko hapo? Umekasirika kwa sababu nilikucheka? Sikujua, mama. Samahani. Sema kitu basi. Mama?"

Mashine ikakoroma, ikanyamaza.

"Sikukasirika," alisema Bi. Damari. Sauti yake ilikuwa ngeni, ya kukwaruza, damu ikimtoka mdomoni. Aliinamia mashine, akaishika kwa mikono yote miwili. "Sikukasirika, mwanangu. Nipo. Nipo hapa. Nilikuwapo siku zote."

Mzee Eliakimu alimshika mabega. Kwenye benchi hakuna aliyegeuka, lakini mwanamke mmoja mwenye kitambaa alianza kutikisika, na aliyeketi kando yake akamshika mkono.

Karani alisubiri kidogo. Alitazama bango la bei juu na chini, hakuona mahali palipotaja mtu kuisemesha mashine iliyozimwa, akaliacha jambo hilo. Akalowesha muhuri kwenye wino, akaugonga juu ya karatasi ya Bi. Damari: LIMELIPWA.

"Mwingine," alisema.